TUIJUE NCHI YETU: Marsabit, Mtungi wa Maji Jangwani



Katika afisi yetu yupo karani mwenzangu asiyependa kamwe kusikia habari za mbuga za wanyama. Kila zitajwapo husema, "Ndovu wamepewa mlima mzima, na binadamu atembea kutwa akitafuta debe moja la maji. Hiyo ni haki gani?" Kwa muda mrefu sikuwa na jawabu la kumpa, na nakiri ya kuwa nilidhani asema kweli. Lakini nilipotumwa Marsabit kwa kazi ya serikali nilijionea mambo ambayo leo nataka kuwaeleza, kwani huenda nanyi mna swali kama hilo.

Marsabit iko kaskazini mwa Kenya, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi. Zamani safari ya kutoka Isiolo ilikuwa adhabu ya vumbi na mawe; siku hizi barabara ya lami yafika huko na kuendelea mpaka Moyale. Ukiisha kupita Isiolo, nchi huzidi kukauka kadiri uendavyo. Kusini ya mlima kuna jangwa la Kaisut, na upande wa kaskazini-magharibi kuna Chalbi, uwanda mpana wa chumvi ambao hapo kale ulikuwa ziwa. Huko utaona ngamia, mawe meusi ya volkeno, na joto likikuchezea machoni hata udhani waona maji. Kisha, katikati ya ukavu huo wote, wauona mlima wenye msitu mbichi, ambao kilele chake kina urefu wa mita 1,700 hivi.

Mlima huo ulijengwa na moto wa chini ya ardhi. Moto ulizimika zamani sana, ukaacha mashimo makubwa ya duara ambayo wenyeji huyaita gof. Ndani ya shimo moja, Gof Sokorte Guda, kuna ziwa ambalo wageni waliliita Paradiso. Mmarekani Martin Johnson na mkewe Osa walikaa kando yake katika miaka ya 1920, wakipiga picha za senema za wanyama waliokuja kunywa. Msituni humo ndimo alimoishi ndovu Ahmed, mwenye pembe ndefu mno. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba alindwe, na askari wakawa wakimfuata usiku na mchana. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, wala si kwa bunduki, na sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Nairobi.

Basi, asubuhi yangu ya kwanza niliamka nikasikia matone yakianguka chini ya miti, nikadhani mvua imenyesha. Nilipotoka sikuona wingu la mvua, bali ukungu mzito uliofunika kila kitu. Baadaye, chini ya mlima, nilifika penye visima, nikakuta vijana wamesimama kwa safu ndani ya kisima, wakipokezana ndoo huku wakiimba, na mifugo ikingoja zamu yake. Nilimwamkia mzee mmoja wa Kiborana, nikamwuliza maji hayo yatoka wapi, hali mlima hauna mto hata mmoja wa kudumu. Akanijibu, "Mwanangu, si uliuona ukungu asubuhi? Hayo ndiyo maji yetu."

Nalo ni jambo la kweli. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mlima, ukapoa, ukawa ukungu. Majani na ndevu za kuvu zilizoning'inia mitini huunasa, nao hudondoka tone kwa tone. Maji hayo, pamoja na ya mvua, hupenya katika mawe ya volkeno na kutokea katika chemchemi na visima. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini pasipo mti, ukungu hupita zake kama mgeni asiyekaribishwa.

Sisemi kwamba malalamiko ya watu ni bure. Ndovu huingia mashambani na kuharibu kazi ya mwaka mzima. Tena kati ya miaka 2020 na 2023 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana, mifugo mingi ikafa. Mfugaji aliyeona ng'ombe wake wa mwisho akilegea hawezi kulaumiwa akitazama majani ya msituni. Hata hivyo, kila mti ukatwao kwa kuni au makaa ni ufa katika mtungi, na wa kwanza kuona kiu ni mfugaji yuyo huyo.

Niliporudi afisini nilimweleza mwenzangu haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ikiwa ni hivyo, msitu na utunzwe, lakini wanaoutunza wapate maji karibu, na mashamba yao yalindwe." Sikuwa na la kubishana naye. Mlima haukupewa ndovu peke yao, wala haukupewa watu peke yao. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na buyu la Marsabit likiisha, jangwa lile halina jingine la kutupa.