Bando Linalokufa Namanga

Wadau, kuna swali ambalo siku hizi halikauki midomoni mwa watu: "Nasafiri, ninunue eSIM ya kampuni gani?" Muulizaji anataka jina moja tu, alipie, aondoke. Akiingia mtandaoni anakuta orodha ndefu za "eSIM bora kumi", na wengi wa walioziandika wanapata kamisheni yao ukibofya na kununua. Basi nitamjibu, tena bila kamisheni. Ila baada ya kumjibu nami nina swali langu, na hilo haliwahusu wauza eSIM. Linawahusu wakubwa wetu.

Kwanza jibu. eSIM ni laini iliyomo tayari ndani ya simu. Huchomeki kadi, unapakua tu usajili wa kampuni kwa kupiga picha ile misimbo ya miraba, basi, umeunganishwa. Kabla hujalipa hata senti, piga *#06#. Usipoona namba inayoitwa EID, elekea simu yako haina kitu hicho, na hakuna bando litakalokusaidia. Hakikisha pia simu haijafungwa kwa kampuni moja. Angalia siku kabla ya kuangalia GB, maana bando la GB 10 la siku 7 ni hasara kwa anayekaa wiki tatu. Ukiona neno "bila kikomo", shuka chini usome maandishi madogo: mara nyingi ukivuka kiasi fulani kwa siku, kasi inashuka mpaka ukimbie mwenyewe.

Halafu usiing'oe laini yako ya nyumbani. eSIM nyingi za wasafiri ni za intaneti peke yake, hazina namba ya kupigiwa. Benki yako ikituma namba ya siri ya kuthibitisha muamala, itaituma kwenye ile laini uliyoisajili kwa alama za vidole, si kwenye eSIM ya mgeni. Kwa hiyo iache laini ya nyumbani iwake kwa ajili ya meseji, zima intaneti yake, intaneti ipite kwenye eSIM. Kwa anayekwenda Ulaya, Uturuki au China, jibu limekwisha. Linganisha bei, nunua, safari njema.

Sasa tuje kwa yule anayekwenda Nairobi.

Hapa Makutupora tunapitiwa na barabara kuu ya kaskazini. Ukiifuata kutoka Dodoma unapita kwetu, unapita Kondoa, unafika Babati, na kipande hicho cha lami kilizinduliwa mwaka 2018 kwa mbwembwe kwamba kinaunganisha Afrika. Unaendelea mpaka Arusha. Pale Arusha yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Bunge la Afrika Mashariki. Unasonga mbele kidogo tu, unafika Namanga. Hapo unavuka mpaka, na lile bando ulilonunua Dodoma asubuhi linakufa. GB zako bado zipo, siku zake hazijaisha, pesa umelipa, lakini hazikufuati. Unachoambiwa ni ununue bando jingine maalumu la nje, kana kwamba umetua Australia.

Naomba uitazame ramani hiyo vizuri. Mwanzo wa barabara kuna Bunge la Jamhuri ya Muungano. Katikati kuna makao makuu ya Jumuiya. Na bado intaneti inakatika mwishoni, mbele ya macho yao wote.

Utaniambia ni suala la kiufundi. Si kweli, na ushahidi ni wa zamani. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na Msudani Mo Ibrahim, iliwaunganisha wateja wake wa Tanzania, Kenya na Uganda katika kitu walichokiita One Network. Mtanzania akiwa Kampala alipiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, akaongeza salio kwa vocha ya hapo hapo. Wakati huo wengi wetu tulikuwa na simu za tochi! Kampuni ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Ninachotaka ukumbuke ni kimoja: karibu miaka 20 iliyopita, mpaka wa Namanga ulishafutwa ndani ya simu.

Ushahidi wa pili. Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mtandao mmoja wa simu wa kanda, baadaye Sudan Kusini nayo ikaingia. Waliondoa tozo za ziada kwa simu za kanda, wakaweka bei ya juu isiyovukwa, na kupokea simu ukiwa nchi jirani kukawa bure. Makampuni yalitekeleza kwa sababu serikali ziliamua. Tanzania, nchi inayoihifadhi Arusha, haikuwamo katika kundi lile lililoanza. Na hata wenzetu walianzia kwenye sauti, wakati leo mtu anaishi kwa intaneti. Nani bado anampigia mteja wake simu ya kawaida? Oda inakuja kwa WhatsApp, ramani iko kwenye intaneti, na mkutano ni wa video.

Ushahidi wa tatu uko Ulaya. Umoja wa Ulaya ulianza kuyawekea makampuni ya simu bei ya kikomo mwaka 2007. Makampuni yalilia sana. Miaka 10 baadaye, tarehe 15 Juni 2017, tozo za kutumia simu katika nchi nyingine mwanachama zikafutwa, na sheria hiyo imeshaongezwa hadi mwaka 2032. Sasa tazama Uingereza. Ilipotoka kwenye Umoja, baadhi ya makampuni yake makubwa yalianza kurudisha tozo mwaka 2022. Minara ilikuwa ile ile na nyaya zile zile chini ya bahari. Kilichobadilika ni sheria tu. Kwa hiyo anayekuambia intaneti inakuwa ghali kwa sababu ya umbali, mwambie akuoneshe umbali ulioongezeka kati ya London na Paris.

Na pengo hilo ndilo wanalovuna wauza eSIM. Siwalaumu, wameona shimo wameweka daraja na kutoza ushuru. Fungua programu zao ulinganishe GB moja ya Ulaya na GB moja ya Afrika: mara nyingi sisi ndio tunaolipa zaidi. Unalipa kwa kadi, kwa dola, kwa kampuni iliyoko Singapore au Hispania, ili upate mawimbi ya mnara ulioko Nairobi. Tena eSIM nyingi za namna hii huipeleka intaneti yako kwanza kwenye nchi nyingine kabla haijatoka kwenda inakokwenda. Yaani Mtanzania aliyekaa Nairobi anamtumia faili mwenzake wa Dodoma, na faili linaweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Hii ndiyo jumuiya tuliyoimbiwa?

Kinachoniuma zaidi ni nani anaachwa nje. Mwenye simu ya milioni mbili na kadi ya benki ameshapata suluhisho lake, na ndiyo maana husikii kelele. Waheshimiwa wakisafiri hawajui hata bando limekufa wapi. Lakini dereva wa lori anayebeba mahindi kwenda Nairobi, mama wa vitenge anayevuka Sirari, kijana anayepeleka mzigo Mutukula, hao simu zao nyingi hazina eSIM. Wao wanatembea na kadi mbili tatu ndani ya pochi, moja kwa kila nchi, na wakifika kila upande wanasajiliwa kama watalii. Hawa ndio wanaoijenga hiyo biashara ya kanda inayohubiriwa kwenye makongamano.

Tena jambo la kuchekesha: pesa yao ilishavuka. Tangu mwaka 2015 M-Pesa ya Vodacom Tanzania na ya Safaricom zimeunganishwa, ukatuma shilingi kutoka hapa na mtu akapokea Kenya. Pesa, ambayo kila serikali duniani inailinda kwa mitutu, imeruhusiwa kupita. Bando la siku saba halijaruhusiwa!

Wapo watakaosema makampuni yatapata hasara na serikali itapoteza kodi. Hoja hiyo nina heshima nayo kidogo, maana kampuni ya huku inalilipa mnara wa kule. Lakini bei wanayolipana makampuni inaweza kuwekewa kikomo, Ulaya walifanya hivyo hivyo. Na kodi ipi unayoipata kwa mtu aliyezima intaneti kwa kuogopa bei, au aliyempa dola zake muuzaji wa Singapore?

Wabunge 9 wanaotuwakilisha Arusha huchaguliwa na Bunge hapa Dodoma. Wanaomba kura kwa maneno mazuri ya mtangamano. Swali la kuwauliza ni fupi: bando langu la Dodoma litafanya kazi Nairobi, Kampala na Kigali kwa bei ile ile lini? Tunataka tarehe, hatutaki "mchakato unaendelea". TCRA nao waulizwe hilo hilo, na wizara yenye dhamana ya mawasiliano pia.

Mpaka hapo, wewe unayepanda basi kesho kwenda Nairobi, ushauri wangu ni huu: kama huna haja ya haraka, usinunue eSIM. Ingia na pasi yako kwenye duka la simu, sajili laini ya Kenya, weka bando la wenyeji. Utakuwa mtalii ndani ya jumuiya yako, lakini angalau utalipa bei ya mwenyeji.