Kipimo cha Mionzi Kiwe Karibu na Watu

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, wilayani Temeke, na maelfu ya watu wakakimbia kila upande. Mlipuko ule haukuhusu mionzi. Hata hivyo unazusha swali: kama vumbi lile lingekuwa na chembe zitoazo mionzi, nani angewapima watu wale, na wapi?

Si swali la ndoto. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, mashine ya tiba iliyotelekezwa ilivunjwa ili kuuzwa kama vyuma chakavu, na unga wa sesiamu-137 ukasambaa. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa; 249 walikutwa na uchafu huo, na wanne walifariki. Biashara ya vyuma chakavu ipo Temeke na Kinondoni pia.

Chembe zilizovutwa kwa pumzi huweza kukaa mapafuni. Mionzi ya gama hupenya kifua, hivyo kipimo cha mkononi huweza kuibaini, mradi mtu amevua nguo na kuosha mwili, vumbi la nje lisije likadanganya. Mionzi ya alfa haipenyi hata ngozi. Kwa hiyo hupanguswa kila tundu la pua kwa pamba, mapema iwezekanavyo, kabla mtu hajapenga kamasi wala kuoga. Pamba hiyo ndiyo ipimwayo. Mkojo hupimwa baadaye ili kuthibitisha. Upimaji wa kwanza, basi, ni chekecheo tu, wala si hukumu: huonyesha nani atangulizwe kwenye tiba, na humwondolea hofu asiyedhurika.

Wapo watakaosema kwamba Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia. Ni kweli, lakini vyanzo vya mionzi hutumika hospitalini na viwandani. Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, husimamia vyanzo hivyo. Lakini saa ya kwanza ya ajali haingoji safari. Yafaa hospitali za Temeke na Mwananyamala ziwe na vipimo vya mkononi, pamba, nguo za kubadili na wauguzi waliofanya mazoezi. Nao walimu wa fizikia wawafundishe wanafunzi kwa nini kipimo kilicho kimya juu ya kifua hakitoshi kusema kwamba mapafu ni salama.