Ada na Gharama

Neno "bure" lina maana mbili katika lugha yetu. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa, na kazi ya bure ni kazi isiyofaa kitu. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa katika shule za sekondari za serikali Tanzania mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ilipofutwa katika kidato cha tano na cha sita, maana ya kwanza imetangazwa sana. Nachelea kuwa tusipoangalia tutaangukia katika ya pili.

Sibezi sera hiyo. Shilingi 20,000 za shule ya kutwa na 70,000 za bweni kwa mwaka zilikuwa ukuta mbele ya watoto wengi, na kuubomoa kulikuwa tendo la haki. Lakini ada ilikuwa sehemu tu ya gharama. Sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana vimebaki juu ya mzazi. Tena hufuata mchango wa mlinzi, wa dawati na wa mtihani wa majaribio. Mchango, kwa asili yake, ni hiari. Mchango ambao mtoto asipouleta huona haya mbele ya wenzake ni kodi iliyovaa nguo ya hiari; na ni kodi mbaya, maana mwenye mshahara na mwenye jembe hutozwa sawasawa.

Mtazame mkulima wa Dodoma au Singida. Shule hufunguliwa Januari, na mavuno yake ni Mei na Juni. Sare hununuliwa wakati ghala li tupu na bei ya unga i juu. Atauza mbuzi, ama atakopa kwa ahadi ya nafaka ambayo haijakomaa. Fedha zisipotosha, mtoto mmoja huachishwa ili mwingine aendelee.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati kaya hubeba asilimia 39 ya matumizi yote ya elimu. Katika nchi tajiri, asilimia 16. Mwenye nguvu chache ndiye atwikwaye mzigo mkubwa.

Wako wasemao kuwa asiyelipa hathamini. Hoja hii ni ya walioshiba. Ikiwa malipo ndiyo kipimo, basi maskini aithamini elimu kuliko sisi sote, kwa kuwa hutoa sehemu kubwa zaidi ya alichonacho.

Wengine husema Hazina haiwezi yote. Huenda ni kweli. Lakini fedha hizo hazikukosekana. Zilitoka katika sufuria ya mzazi. Bajeti hueleza kitakachotolewa na Hazina. Yafaa ieleze pia kitakachotolewa na nyumba, mkoa kwa mkoa, mbele ya Bunge. Mzigo usiopimwa hauna wa kuupunguza.

Nasi wasomi tusijitenge na hesabu hiyo. Kila mwanafunzi asomaye kurasa hizi na aulize kwao ni kitu gani kilichouzwa ili yeye asome. Akishajibiwa, hatasema tena kuwa alisoma bure.