Kasha la Joto Si Mchezo wa Watoto

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwetu Eastlands, anayeunda kitu kwao huchekwa! Kijana akionekana Umoja au Dandora akipigilia misumari, utasikia, "Huyo naye amekosa kazi." Kwa maoni yangu dharau hii inatuponza, na nitaieleza kwa kutumia kasha moja tu: kasha la kuangulia vifaranga.

Wanafunzi wenzangu, kasha hili si muujiza. Ni sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo. Balbu mbili za kizamani hutoa joto; zile za LED hazifai kwani joto lake ni kidogo mno. Themostati huzima balbu joto likipita nyuzi 37.5 hivi na kuziwasha likishuka. Bakuli la maji huleta unyevu, na matundu madogo huingiza hewa, maana kifaranga hupumua hata akiwa ndani ya yai. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha huachwa yatulie. Siku ya 21, vifaranga hao! Ila usinunue mayai ya trei dukani. Kuku wale kwa kawaida hufugwa bila jogoo, na utangoja bure kabisa.

Jambo hili si geni Afrika. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Wamisri waliangua mayai kwa wingi katika matanuri ya udongo, bila stima. Na hapa kwetu, si jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea tangu miaka ya 1980, hutengenezwa na mafundi wa jua kali kama wale wa Kamukunji? Nani leo analicheka jiko hilo?

Kuna watakaosema stima ni hatari. Ni kweli, sipingi. Waya uliochubuka au balbu iliyogusa katoni inaweza kuteketeza ploti nzima, na mtaani tunaishi ukuta kwa ukuta. Ndiyo sababu nasema kasha lijengwe shuleni, mbele ya mwalimu wa fizikia, si chini ya kitanda kwa siri. Wengine watauliza, "Mwishoni mwa juma nani atageuza mayai?" Sisi wa kutwa twaishi karibu. Tupange zamu, basi. Na stima ikipotea, aliye zamu afunike kasha kwa blanketi joto lisitoroke upesi.

Darasani tunasoma joto, umeme na uzazi, halafu tunayafungia daftarini hadi mtihani. Kasha moja lingeyaleta yote mahali pamoja. Tena si sote tutakaofika chuo kikuu. Kakangu alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani miaka miwili akingoja kazi. Alikuwa na cheti, lakini katika miaka yote ya shule hakuna aliyewahi kumpa nyundo. Je, nasi tutoke vivyo hivyo?

Naomba uongozi wa shule utupe kona moja tu ya maabara na mwalimu mmoja wa kutusimamia. Mbao tutazitafuta wenyewe Gikomba. Anayetaka kucheka na acheke. Siku 21 si nyingi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu