Kuzaliwa Bukavu si kosa: aplikasyo za vijana zifunguliwe mlango

Wakaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira, ndugu na dada,

Mnajua moto wa mji huu. Nyumba za mbao zimeshikana ukuta kwa ukuta, vijia ni vya kupita mtu mmoja, na moto ukianza mahali kama Nyamugo, mtaa mzima unalala inje. Vijana wane wa kwetu walitengeneza aplikasyo ndogo ya kupiga mwito: unagusa mara moja, majirani wanajua moto uko wapi, maji iko wapi, na gari inaweza kufika mpaka wapi. Iko tayari. Inafanya kazi. Lakini ukiitafuta kwenye duka la aplikasyo ndani ya telefone yako, hauioni. Tutaeleza juu ya nini, na tutasema nani anapashwa kujibu.

Tuanze na makuta. Google Play inaomba dola 25 mara moja tu. Apple inaomba dola 99 kila mwaka. Dola 25 tunaweza kuchanga. Swali ni: tutalipa na nini? Wanataka karte ya benki, na zile karte za kujaza mbele Google haizipokee. Hapa kwetu, mama wa soko ya Kadutu, mwalimu na mwanafunzi, wote tunatumia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Na mji ulipoanguka mikononi mwa AFC/M23 katikati ya Februari 2025, benki zilifunga milango. Kijana anabaki kumuomba mjomba wa ngambo amlipie. Karte ina jina la mjomba, dosiye ina jina la kijana, na majina mawili yanazaa mashaka.

Kisha wanasema: onyesha kitambulisho. Kitambulisho gani? Inchi hii haijawapa raia wake karte ya taifa tangu miaka ya 1980. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Tshisekedi alipokea karte yake mbele ya kamera. Siye bado tunangojea. Tunaishi na karte ya uchaguzi, na nyingi za 2023 maandishi yalifutika, mpaka CENI ikalazimika kutoa duplikata. Piga picha ya karte iliyofutika, uitume ngambo, uone watakujibu nini.

"Basi jiandikishe kama kikundi." Sawa. Kikundi kinaombwa namba ya D-U-N-S, inayotolewa na kampuni ya Marekani kwa mashirika yenye kuwa na karatasi. Na karatasi, kwa sheria ya 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida, utu wa kisheria unatoka kwa Waziri wa Haki, Kinshasa. Kutoka hapa mpaka kule hakuna barabara, na uwanja wa Kavumu mnajua hali yake.

Bado kuna jaribio. Tangu Novemba 2023, Google inataka mtu binafsi mwenye kufungua konti mpya atafute watu wa kujaribu aplikasyo siku 14 mfululizo. Walikuwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12. Kwa mtu wa mji wenye umeme na mega za bei nafuu, hiyo ni kazi ndogo. Hapa telefone moja inatumiwa na ndugu watatu, courant inakuja usiku wa manane, na mtu akikosa nafasi kwenye telefone anafuta aplikasyo kwanza.

Tuseme ukweli, juu hatupendi bongo. Aplikasyo yetu ilirudishwa mara mbili na duka moja, hatulitaji jina. Mara ya kwanza walikuwa na haki: tulikuwa tunachukua mahali mtu alipo bila kumueleza tunafanya nini nayo. Tulisahihisha. Mara ya pili tulipata mistari miwili isiyosema kosa ni gani. Tuliuliza. Tukajibiwa mistari ile ile.

Hatukatai kuchunguzwa. Wezi wa M-Pesa nao wanatengeneza aplikasyo, na wazazi wetu wamelia makuta yao. Lakini angalia kinachotokea mlango ukifungwa: vijana wanatumiana aplikasyo kwa WhatsApp na Bluetooth. Telefone inasema "hatari", mtu anabonyeza "endelea", na kesho mwizi atapita njia ile ile. Kuchunguza aplikasyo kunalinda raia. Kuchunguza umezaliwa wapi na una benki gani kunafukuza wanyofu tu. Mwizi anajua kununua konti ya mtu mwingine.

Na serkali? Kati ya 2020 na 2022 ilikata unite zetu kwa jina la RAM, mpaka raia wakakataa na ikaondolewa. Mwanzo wa Februari 2025, vita ilipokuwa inatukaribia, X, TikTok na hata Google Play zilizuiwa ndani ya inchi. Duka tunalohangaika kuingia, serkali yetu yenyewe ililifunga wakati watu walikuwa wanatafuta habari za kuokoa maisha. Kwa kukata unite walikuwa wepesi. Kwa kutoa karte, wanachelewa miaka 40.

Kwa hiyo tunadai:

1. Serkali itoe karte ya taifa kwa raia wote, na ifungue njia ya kupata karatasi za shirika bila kupanda ndege. Isifunge tena duka ao mtandao.

2. Wenye kushika mji kwa silaha wasiguse telefone ya raia, na wasimtafute kijana juu ya aplikasyo.

3. Wenye maduka wapokee malipo ya telefone, na kila wanapokataa, waseme kosa kwa maneno ya wazi, na mtu ajibu, si machine.

4. Vyuo vikuu vya Bukavu, UOB, UCB na vingine, viko na karatasi zote. Vifungue konti ya chuo, wanafunzi wapitishe kazi zao humo. Hiyo haihitaji Kinshasa wala California. Inahitaji sahihi ya rektere.

Na siye wenyewe? Kila mtaa utoe watu 12 wenye kukubali kushika aplikasyo ya kijana wa kwao siku 14 bila kuifuta. Mwenye nafasi kwenye telefone, aje. Mwenye kujua kuandika maelezo ya siri za watumiaji, aje.

Moto hautangojea duka lijibu. Tutarudisha dosiye mara ya tatu, na jibu tutalibandika hapa, likiwa zuri ao baya.

Bukavu, siye vijana raia.