UFA MDOGO KATIKA SAA

Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Iraki liliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukufyatua. Ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, na kosa dogo la hesabu lilikuwa limeipotosha saa yake kwa thuluthi ya sekunde. Ukalitafuta kombora pasipo mahali pake.

Jaribio la kuiga vita huthibitisha saa zile tu zilizojaribiwa. Uthibitisho wa kihisabati huenea saa zote, lakini hutegemea maelezo sahihi ya mtambo, nayo hupimwa kwa majaribio. Ndiyo sababu mafundi makini huviunganisha vyote viwili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta hujengwa tena, bali uhai haurudi.