Mkanda wa Harusi Uliotoka na Ukungu



Juma hili tumepokea barua kutoka Musanda, upande wa Mumias, nchi ambayo misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliizoea tangu karne ya 19, na ambako udugu baina yetu haujakatika. Mwandishi wake ni mama. Katika harusi ya binti yake, upande wa wanawake, mpwa wake wa kike alipiga mikanda mitatu ya picha za rangi kwa kamera ya zamani. Kwa kuwa humo wanawake wamo na hina zao na mapambo yao bila ya mitandio, familia haikupenda mikanda ipite mikononi mwa mwanamume asiye maharimu. Wakaagiza dawa, wakausafisha mkanda wa kwanza wenyewe ghalani. Ukatoka mweusimweusi wenye ukungu, picha zikionekana kwa mbali. Mama auliza: tuutupe? Na hiyo miwili iliyobaki tuifanyeje?

Jawabu la swali la kwanza ni fupi: msiutupe. Yumkini picha zote zimo ndani yake, zimefunikwa tu.

Sababu yake ni hii. Usafishaji wa mikanda ya rangi hufuata utaratibu uitwao C-41, ulioletwa na Kodak mwaka 1972. Dawa ya kwanza huidhihirisha picha: hujenga rangi, na papo hapo huacha madini meusi ya fedha juu ya mkanda. Dawa ya pili huyageuza madini hayo yawe chumvi, na ya tatu huiyeyusha chumvi hiyo ikatoka, zikabaki rangi peke yake. Katika dawa za kutumia nyumbani, aghalabu hiyo ya pili na ya tatu huunganishwa katika chupa moja. Ikiwa imechoka, au imepoa, au mkanda umetolewa mapema, fedha hubaki na kuzifunika rangi kama masizi juu ya kioo cha taa.

Kabla ya kutibu, tazameni kwanza kingo za mkanda. Kiwandani huchapwa hapo nambari na maandishi kwa mwanga, nayo huonekana baada ya kusafishwa. Yakionekana bayana, dawa ya kwanza imefanya kazi. Kingo zikiwa na maandishi na picha hakuna, kosa ni la kamera, pengine mkanda haukuzunguka. Yasipoonekana maandishi wala picha, dawa ya kwanza ilikuwa imekufa, au ilitanguliwa na nyingine. Hapo hakuna la kufanya. Ama mistari myeusi iliyovuka mpaka kwenye kingo, hiyo ni alama ya mwanga ulioingia. Na rangi ya chungwa inayobaki kila mahali isiwatie hofu, ndivyo mikanda hii ilivyoumbwa.

Mama amesema nambari zaonekana. Basi tengenezeni dawa mpya ya kuondoa fedha, ipasheni joto kama karatasi yake isemavyo, mwurudishe mkanda humo kwa muda wote ulioandikwa, mkiutikisa, kisha muuoshe vizuri. Kazi hii yafaa hata mchana, kwani mkanda uliokwisha kupita dawa hizo hauogopi mwanga tena. Ukungu ukipungua bila ya kwisha, rudieni. Lakini fahamuni kwamba kosa la dawa ya kwanza, kama kupoa au muda mfupi, halirekebishiki kwa njia hii.

Ama mikanda miwili iliyobaki, isiguswe kwanza. Tafuteni mkanda mwingine, mpige picha za miti na kuku, mjifunzie huo. Dawa ya kwanza yataka nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15, ila ikiwa karatasi ya dawa yenu yasema vingine. Hata nusu ya digrii huweza kugeuza rangi. Usiku wa Musanda una baridi, kwa hiyo simamisheni chupa na tangi ndani ya beseni la maji ya moto, na kipimajoto kisitoke mkononi. Dawa iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya rangi, imwageni. Tone moja la dawa ya pili likiingia katika ya kwanza huiharibu yote, basi kila chupa iwe na faneli yake. Wakati wa kuutia mkanda katika tangi pawe giza totoro. Taa nyekundu haifai, kwa sababu mkanda wa rangi huona rangi zote. Tangi likishafungwa, washeni taa.

Jilindeni pia. Vaeni glavu, fungueni madirisha mara tangi likifungwa, na msitumie kikombe wala sufuria itakayorudi jikoni. Mjamzito na watoto wakae mbali. Dawa iliyotumika isimwagwe kisimani wala mtoni.

Mikanda ikingoja, ifungwe katika chombo kisichopitisha unyevu, iwekwe kwenye friji, na siku ya kazi iachwe ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Lakini msiikawize mno, kwani picha isiyosafishwa hufifia kwa miezi.

Na ikiwa jambo hili limewazidi, si dhambi kutafuta fundi, ila picha za wanawake wa watu ni amana. Mtafuteni fundi wa kike kwanza. Asipopatikana, mmoja wenu asimame pale hadi mwisho, asafishiwe mikanda tu bila ya kuchapwa picha, arudi na kila kipande, na nakala isibaki katika kompyuta ya mtu. Waliohudhuria harusi ile walivua mitandio kwa kuwaamini wenyeji wao. Kuwatunzia sitara yao baada ya ngoma kwisha ni deni lililo shingoni mwa nyumba iliyowaalika.

Wallahu aalam.